Ile e5 ya Judit

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na nyumbani wote hawajambo? Ujumbe wako wa kuuliza binti acheze nini kwenye chesi dhidi ya Sisilia umefika. Kwa kuwa anacheza Jumamosi, naingia moja kwa moja.

Dhidi ya Sisilia, yaani mweusi akijibu e4 kwa c5, asihangaike kukariri mistari mirefu ya hatua. Mpe ufunguzi uitwao Rossolimo: 1.e4 c5 2.Nf3 Nc6 3.Bb5 (N ni farasi, B askofu, R ngome, Q malkia, K mfalme; bila herufi ni kitunda, kile kipande kidogo; x ni kula, + ni cheki, O-O ni mfalme kujificha pembeni na ngome, na nukta tatu ni hatua ya mweusi). Kisha mpangie ubaoni mchezo wa Judit Polgár wa Hungaria, mwenye vyeupe, na Pavlina Angelova, Olimpiadi ya chesi ya Thessaloniki, 1988. Judit alikuwa na miaka 12! Alipata alama 12.5 kati ya 13, na Hungaria ikabeba dhahabu ya wanawake.

Uliendelea hivi: 3...g6 4.O-O Bg7 5.c3 e5 6.d4 exd4 7.cxd4 Nxd4 8.Nxd4 cxd4 9.e5!

Hapo msimame. Farasi mweusi ameshanyimwa f6. Askofu mweusi akikila hicho kitunda cha e5, 10.Re1 inambana mbele ya mfalme wake. Kumlinda kwa d6 haiwezekani, maana askofu wa b5 amekifunga kitunda cha d7 mbele ya mfalme; akicheza f6, anajibiwa f4 na askofu anakwenda.

Angelova hakukila mapema: 9...Ne7 10.Bg5 O-O 11.Qxd4 Nc6 12.Qh4 Qb6 13.Nc3. Sasa akakila, 13...Bxe5, na mstari wa e ukafunguka wazi. 14.Rae1 Bxc3 15.bxc3 Qxb5 16.Qh6. Angelova amepata askofu, lakini askofu wake mwenyewe aliyelinda f6 na g7 hayupo tena. Bf6 ikifika, mati (mfalme kukosa pa kwenda) haizuiliki. Akakimbilia 16...Qf5, naye Judit akatoa malkia: 17.Qxf8+! Angelova akasalimu, kwani 17...Kxf8 18.Bh6+ Kg8 19.Re8 ni mati. Tazama ngome ya a8 na askofu wa c8: hawajasogea hata mara moja. Ndiyo maana nakwambia yote yanaanzia kwenye e5, mwenzangu.

Asitegemee tu kwamba kila mtu atacheza 5...e5. Wengi watamletea 5...Nf6, hapo 6.Re1 kwanza, e4 ilindwe, ndipo d4. Na akiona 2...d6, 3.Bb5 inakuwa cheki, mpango mwingine kabisa. Huo nitakuandikia... ila kwanza nijibu haya.

Wanapewa dakika ngapi kila mmoja? Mpinzani ni yule yule aliyemfunga Halima? Binti anaweza kuandika hatua zake bila kuchelewa? Na ile saa yangu ya chesi, iko kwako au kwa Mwalimu?

Wako,
Asha