Maktaba uliyoikompaili mwenyewe, ilee mwenyewe

Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa teknolojia iliyowahimiza wasomaji wajikompailie programu huria kutoka kwenye msimbo wake (yaani wageuze wenyewe msimbo ulioandikwa na watu uwe programu inayoendeshwa na kompyuta), badala ya kupakua zilizokwisha tayarishwa, ilinifurahisha mpaka nilipofika kwenye sentensi moja. Mwandishi alisema kazi yote ni amri tatu, ./configure, make na make install, "na mambo yamekwisha".

Mimi ni msimamizi wa seva. Kazi yangu huanzia hapo yalipokwisha.

Sizidharau amri hizo. Make iliandikwa na Stuart Feldman pale Bell Labs mwaka 1976, na hadi leo inafanya lile lile: inatazama faili ipi imebadilika, inakompaili hiyo na zinazoitegemea, zilizobaki inaziacha. Lakini ya kwanza kati ya hizo tatu, configure, ndiyo iliyohitaji makala nzima, nayo ikapewa mstari mmoja. Configure ni mdadisi. Inaiuliza kompyuta yako: kompaila ipo? Maktaba fulani, yaani msimbo wa pamoja unaotumiwa na programu nyingi, ipo? Ni toleo gani? Majibu yake ndiyo yanayoamua utapata programu kamili au gamba la programu.

Chukueni lugha ya programu ya Python, kwa kuwa ndiyo ninayoletewa mara nyingi. Mtu anataka toleo jipya kuliko lililokuja na mfumo wake. Anapakua msimbo, anaendesha configure, anaendesha make, maandishi yanatiririka, hakuna kosa. Anasakinisha. Kisha anaiagiza pip, chombo cha Python cha kupakua nyongeza, imletee kifurushi, naye anajibiwa kuwa moduli ya ssl, sehemu ya Python inayolinda mawasiliano ya mtandao, haipo. Python haikatai kukompailiwa kwa sababu tu OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche ambayo ssl inaitegemea, haikuonekana, au iliyopo ni ya zamani mno (kuanzia Python 3.10 inatakiwa OpenSSL 1.1.1 au mpya zaidi). Inajijenga bila hiyo na kusonga mbele. Ni vivyo hivyo kwa moduli nyingine: kwa sqlite3, kwa bz2, kwa lzma, na kwa ctypes inayotegemea libffi. Karibu na mwisho wa make huchapwa orodha fupi ya moduli zilizokosekana, ila nani anaisoma baada ya kurasa na kurasa za maandishi? Mimi naisoma. Nawashauri wasomaji wenu waisome kabla ya kugusa amri ya tatu.

Na kinachowachanganya watu zaidi ni kwamba mara nyingi OpenSSL ipo. Wanaitafuta, wanaiona, wanaapa kuwa configure inasema uongo. Kilichopo ni maktaba ya kuendeshea programu, ile faili ya .so. Kilichokosekana ni faili za hedi, zinazoieleza kompaila kuwa ndani ya maktaba hiyo mna kazi zipi na zinaitwaje. Mifumo ya Linux ya Debian na Ubuntu huziweka katika kifurushi cha pembeni ambacho jina lake huishia na -dev. Fedora na Red Hat huishia na -devel. Kwa hiyo anayeambiwa OpenSSL haipatikani, kwenye Debian dawa yake ni libssl-dev, basi. Tena kuna njia ya mkato ambayo makala haikuitaja, ya kupitia apt, meneja wa vifurushi wa Debian: apt build-dep python3.11 (andika toleo la Python lililo kwenye mfumo wako), ukishawasha vyanzo vya msimbo katika orodha ya apt, huleta kila kilichohitajika kuijenga Python ya Debian yenyewe. Kwenye Fedora ni dnf builddep. Toleo jipya linaweza kutaka kitu cha ziada, lakini sehemu kubwa ya safari utakuwa umeimaliza.

Badala ya hayo makala ilisema: maktaba ikikosekana, ikompaili nayo. Hapa ndipo tunapoachana na mwandishi wenu.

Kukompaili programu ya mwisho, ile unayoitumia wewe peke yako, ni jambo jepesi. Ikiharibika, imeharibika yenyewe. Maktaba inatumiwa na programu nyingine ambazo hata huzijui. Niliwahi kuitwa kwenye seva ambayo hakuna aliyeweza kuingia kwa SSH, njia ya kuidhibiti mashine ukiwa mbali. Mtu alikuwa amefuata maelekezo ya namna hii hii na kusakinisha OpenSSL mpya juu ya ile ya mfumo. OpenSSH, programu inayoendesha SSH hiyo, inapowaka huhakiki kama OpenSSL iliyoikuta inaoana na ile iliyokompailiwa nayo. Isipooana, huandika "OpenSSL version mismatch" na kujizima. Ikabidi mtu aende akaketi mbele ya mashine yenyewe, na kibodi mkononi. Seva ile haikuwa na tatizo lolote kabla ya hapo, wala OpenSSL mpya haikuwa na kasoro. Zilikutanishwa tu mahali pasipostahili.

Hayo ni ya siku ya kwanza. Baada ya hapo maktaba inataka kulelewa. Aprili 2014 ilipotangazwa kasoro ya OpenSSL iliyopewa jina la Heartbleed, ambayo ilikuwamo tangu toleo la 1.0.1 la mwaka 2012, waliotumia maktaba ya mfumo walisasisha vifurushi, wakawasha upya huduma zao, wakaanza kubadilisha funguo za usimbaji fiche. Aliyekuwa na nakala yake ndani ya /usr/local, folda ya vitu unavyosakinisha mwenyewe, hakupata chochote kutoka kwa apt wala yum. Meneja wa vifurushi haijui faili ambayo haikuiweka yenyewe. Na aliyeiunganisha kwa njia tuli, yaani maktaba ikamezwa ndani ya programu, hata akiisasisha maktaba anabaki na kasoro ile ile mpaka aikompaili programu upya. Kila maktaba unayoikompaili mwenyewe inakufanya wewe kuwa ndiye wa kufuatilia matangazo ya usalama wake. Swali ninalomuuliza anayetaka kufanya hivyo ni moja: utakuwa bado unayasoma matangazo hayo mwakani?

Makala ilidai pia kuwa anayekompaili mwenyewe yuko salama kwa sababu anaona anachokiendesha. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aliona kuwa kuingia kwa SSH kwenye mashine yake ya majaribio kunachelewa kiasi cha nusu sekunde, akachimba, akakuta mlango wa uani, yaani njia ya siri ya kuingilia, ndani ya liblzma, maktaba ya kubana data ya XZ Utils, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Data zenye sumu zilifichwa katika faili zilizojifanya za majaribio. Skripti iliyozifungua wakati wa kukompaili ilikuwamo ndani ya kifungu cha toleo kilichopakuliwa na watu, lakini haikuwamo katika hazina ya Git ambako msimbo hutunzwa na wakaguzi husoma. Yaani ungeweza kuusoma msimbo wa C mstari kwa mstari usione kitu, kwa kuwa hila ilikaa katika hatua ya configure, ile ile iliyopewa mstari mmoja. Na ilichagua wa kumdhuru: iliangalia kama inajengwa kwa ajili ya kifurushi cha Debian au cha RPM (cha akina Fedora), na ikiona sivyo, ilitulia. Kwa hiyo aliyeikompaili nyumbani kwa mkono wake hakudhurika, lakini si kwa sababu alikuwa ameisoma.

Sisemi watu waache. Mimi mwenyewe nakompaili karibu kila wiki, na kuna nyakati hakuna njia nyingine: FFmpeg, programu ya video, inayotakiwa iwe na maktaba ya libx264 wakati iliyopo haina, kiraka (marekebisho ya msimbo) ambacho hakijafika kwenye vifurushi, mashine ambayo huna ruhusa ya mkuu wa mfumo. Ila programu naiwekea nyumba yake kwa chaguo la configure liitwalo --prefix, tuseme /opt/python-3.12, nikitaka kuiondoa nafuta folda hiyo. Kwa Python hili lina uzito wa pekee, kwani msimbo wake hauna amri ya kuiondoa, make uninstall. Asiyetaka folda ya pembeni atumie make altinstall, isije python3 ya /usr/local ikatangulia mbele ya ile ambayo mfumo unaitegemea. Nikimaliza, naendesha ldd juu ya programu nione inachukua maktaba zipi na kutoka wapi. Hapo utashangaa. Na faili ya config.log naitunza, maana mwanzoni mwake kuna amri kamili ya configure uliyotumia, na baada ya mwaka hakuna anayeikumbuka. (Nimewahi kuona watu wakiifuta kama takataka. Sikusema neno, lakini niliumia.)

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Leseni ya programu huria ya GPL toleo la 2, ya mwaka 1991, inahesabu skripti za kuongoza ukompaili na usakinishaji kuwa sehemu ya msimbo kamili ambao mtoa programu anapaswa kuutoa. Makala zenu nazo zihesabu hivyo. Mkichapisha maelekezo ya kukompaili programu, chapisheni majina ya vifurushi vya -dev na -devel inavyovihitaji, folda ambayo itawekwa, na namna ya kuiondoa. Nafasi ikiwa finyu, punguzeni ile picha ya skrini nyeusi yenye herufi za kijani. Haikuwa na amri yoyote ndani yake.

Wenu,
Msimamizi wa seva