Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wagonjwa wa Kongosho na Familia Zao, Iringa

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana mliosafiri kutoka Mbeya, Rungwe, Makambako na Njombe, kamwene.

Mambo ya uendeshaji nitayapitia haraka, kwa kuwa Katibu ameshasoma muhtasari na Mhazini atasoma hesabu baada yangu. Ada bado zinachelewa, hasa kwa wanachama wakulima, na kamati imekubali zilipwe kwa awamu baada ya mavuno. Matawi ya Mbeya na Iringa yamekutana vizuri. Tawi la Njombe halijasimama, na ninawaomba ndugu zetu wa Njombe tuzungumze leo kabla hamjapanda magari.

Sasa niseme lililonikaa moyoni mwaka huu wote. Katika kila kikao cha tawi nimekuta wanachama wamenunua dawa za kuongeza kinga. Wengine wameuziwa stendi, wengine mnadani, wengine wameletewa nyumbani na ndugu wenye nia njema kabisa. Maelezo ni yaleyale: kongosho limevimba kwa sababu kinga yako imeshuka. Fedha ya ada ya mtoto na ya mbolea imeishia kwenye chupa hizo. Nimewaomba madaktari waliotutembelea watufafanulie jambo hili mpaka lieleweke, na haya ndiyo niliyoyabeba.

Kongosho hutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula na kuvitoa vikiwa bado havijaanza kazi. Kimojawapo, tripsini, hutakiwa kuanza kazi kikishafika kwenye utumbo mwembamba. Jiwe la nyongo likiziba njia, pombe ikijeruhi seli, au mafuta ya damu aina ya trigliseridi yakipanda mno, tripsini huanza kazi kikiwa bado ndani ya kongosho, na kongosho likaanza kusagwa na vimeng'enya vyake. Wazo hilo lilielezwa na Hans Chiari tangu mwaka 1896.

Ila madhara hayaishii hapo. Seli zilizoumia hupasuka na kumwaga vilivyomo, na hiyo kwa kinga ya mwili ni mbiu ya mgambo. Seli nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili hufika ndani ya saa chache, makrofaji hufuata. Kazi yao ni kuua vijidudu na kuondoa mabaki. Mara nyingi hapa hakuna kijidudu, lakini silaha zao ni zilezile: humwaga kemikali kali kwenye nyama ambayo tayari imeumia, kisha hutoa sitokini, yaani protini za kuwaita wenzao. Sitokini zikizidi huingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima. Mishipa midogo huvujisha maji, presha hushuka, mapafu hushindwa kupitisha hewa, figo hukosa damu ya kutosha. Ndiyo sababu baadhi ya wapendwa wetu waliingia wodini kwa maumivu ya tumbo, na kilichowaondoa ni mapafu na figo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kongosho halivimbi kwa sababu kinga imelala. Katika siku za mwanzo kinga ndiyo inayozidisha madhara. Anayekuuzia cha kuiongeza hajui unachoumwa. Tena zipo dawa halali za hospitali ambazo zenyewe huweza kujeruhi kongosho kwa watu wachache. Sembuse chupa isiyoandikwa kilichomo?

Mwanachama mmoja wa Tukuyu aliuliza swali zuri: mbona wasiizime tu hiyo kinga? Limejaribiwa. Nchini Uingereza kulifanyika utafiti mkubwa wa dawa iitwayo leksipafanti, inayozuia mojawapo ya kemikali hizo za mwito. Matokeo yalitangazwa mwaka 2001, na dawa haikupunguza vifo. Mara nyingi mgonjwa anapofika hospitali mwito umeshasambaa, na kemikali zenyewe ni nyingi. Ukiziba moja, nyingine zinaendelea. Halafu baada ya wiki moja au mbili mambo hugeuka: kinga iliyochoka hupungua nguvu, na bakteria wa utumboni huweza kuingia kwenye sehemu ya kongosho iliyokufa. Hapo antibayotiki zina kazi kubwa. Siku za kwanza, homa inaweza kuletwa na kinga yenyewe, na daktari asipoandika antibayotiki msimgombeze kwamba amemtelekeza mgonjwa wenu. Nimeshuhudia ugomvi wa namna hiyo na uliniuma.

Kinachosaidia ni kuwahi. Wagonjwa wapatao 8 kati ya 10 hupata nafuu kwa dripu iliyopimwa vizuri, dawa za maumivu, na kuanza kula mapema kadiri tumbo linavyokubali. Hao wengine wanahitaji kutambuliwa mapema, hasa katika saa 48 za kwanza: pumzi za haraka kupita 20 kwa dakika, mapigo ya moyo kupita 90, mkojo kupungua, kuchanganyikiwa. Maumivu makali ya juu ya kitovu yanayopenya mpaka mgongoni, pamoja na kutapika, msiyaite chango na kuyalaza nyumbani. Mwenzetu mmoja alitibiwa vidonda vya tumbo siku kadhaa kwenye zahanati isiyo na kipimo cha lipesi, kimeng'enya cha kongosho kinachopimwa kwenye damu. Akapona, lakini baada ya kulala chumba cha wagonjwa mahututi. Ombeni rufaa mapema. Anayetoka Makete au Ludewa wakati wa masika asingoje kupambazuke ili aone kama yatapoa.

Lipo pia jambo la aibu. Pombe na mawe ya nyongo ndizo sababu kuu, na kwa sisi tuliokwisha kuumwa, ulanzi na komoni ni vya kuacha kabisa, sitalainisha hilo. Lakini wamo humu akina mama ambao hawajawahi kuonja pombe, na bado wameitwa walevi na mawifi zao. Wapo pia watu ambao kinga yenyewe huligeukia kongosho bila jiwe wala pombe. Watafiti wa Japani waliupa ugonjwa huo jina lake mwaka 1995, na mwaka 2001 ukahusishwa na kingamwili iitwayo IgG4. Aina hiyo huwapata zaidi wanaume wenye umri mkubwa, huleta manjano ya macho, mara nyingi bila maumivu makali, na huweza kudhaniwa kuwa saratani. Wengi wao hupata nafuu kwa steroidi, dawa ya kutuliza kinga ambayo haitumiki kama tiba ya kawaida ya uvimbe wa ghafla na ambayo hupandisha sukari. Isinunuliwe dukani kwa kusikia jina.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza mambo mawili, na naomba myapigie kura. Kwanza, kila mwanachama awe na kadi ya kubeba mfukoni yenye jina la ugonjwa wake, dawa anazotumia na namba ya ndugu, ili mhudumu wa zamu ya usiku asianze upya. Pili, sehemu ya mfuko wetu itengwe kwa nauli ya rufaa, itolewe siku hiyohiyo bila kusubiri kikao. Mhazini ana mchanganuo wake; namkaribisha.