Msiuze hao kuku: barua kwa wajukuu wangu wa chama cha kuku, Kayole

Wajukuu wangu,

Nimeskia Jumapili mlikaa mkutano na karibu nusu yenu mnataka kupeleka kuku soko la Burma wiki ijayo, ati wamekula gunia baada ya gunia na hakuna yai hata moja. Nawaomba msifanye hivyo. Mimi nimefuga kuku hapa Kayole tangu 1994 na hilo kosa nililifanya, bado linaniuma, kwa hivyo wacha niandike ndio kila mtu asome akiwa ametulia.

Mwaka huo wa kwanza nilikuwa na kuku kumi na wawili. Nikangoja, nikangoja, chakula kikapanda bei, mzee wangu akaanza kuniuliza hii ni biashara gani, asubuhi moja nikawauza wote kwa mtu wa soko. Jioni nikapatana naye kwa steji akaniambia wawili walitaga ndani ya tenga kabla hata hajawashusha. Sikulala siku hiyo. Miezi mitano nimewalisha na sikuwahi kuwashika hata mara moja niangalie wamefika wapi.

Sasa nyinyi washikeni. Mlinunua vifaranga mwisho wa Januari, leo tuko katikati ya Juni, hiyo ni wiki 20 hivi. Mwenye aliwaambia miezi minne na nusu mayai yamejaa trei alikuwa anaongea juu ya leyas, wale kuku wa kisasa wa mayai, hao ndio huanza wiki ya 18 ama 20. Wenu ni kienyeji walioboreshwa, ile mbegu ya KALRO Naivasha, wale watu wa utafiti wa kilimo, na hao huanza miezi mitano hivi, wengine wanavuta mpaka sita. Kienyeji wa ushago kabisa anaweza kufika hata saba. Kwa hivyo hakuna aliyechelewa hapo.

Tembe, ndio vile nyanya yangu alikuwa anaita kuku wa kike ambaye hajataga, anaongea na mwili wake. Angalia upanga wa kichwani, ukiwa mdogo na umepauka bado, ukiwa umenona na mwekundu sana amekaribia. Kisha mgeuze upapase ile mifupa miwili chini ya mkia, kama inaingia kidole kimoja tu mwache aendelee kukua, ikiingia viwili ama vitatu tayarisha kiota. Na ukipitisha mkono mgongoni akichuchumaa na kufungua mabawa kidogo, hapo imebaki kama wiki moja ama mbili. Jana nilipita kwa mmoja wenu nikashika wanne, wawili wakanichuchumalia. Hao ndio mlikuwa mpeleke Burma!

Kitu kingine kimenisumbua ni chakula. Kuna wawili wenu walianza kuwapa chakula cha leyas tangu mwezi wa nne ndio watage haraka. Hapana jameni. Kile chakula kina chokaa nyingi ya kutengeneza ganda, na kuku mdogo asiyetengeneza ganda inamuumiza figo. Warudisheni kwa growas, chakula cha kuku wanaokua, mpaka upanga uive ama yai la kwanza lionekane, halafu mchanganye pole pole kama wiki moja hivi. Na tafadhali msinunue yale mahindi ya bei ya chini yaliyoshika ukungu, ile sumukuvu inaua kuku na mtu pia.

Maji ndio watu wanadharau. Yai ni maji karibu robo tatu, na mnajua vile mifereji yetu hukauka, unakuta mtu anaweka maji asubuhi anaenda kazi, saa sita kibakuli kimepinduliwa na kuku wanashinda na kiu mpaka jioni. Kuku anayetaga akikosa maji siku moja tu anaweza kusimama siku kadhaa. Wekeni mtungi mdogo pale pale na mtu wa kuangalia mchana, hata mtoto akitoka shule.

Mwangaza nao, hapa Nairobi jua letu ni masaa 12 mwaka mzima na kuku anapenda kama 14 ama 15 ndio atage vizuri, tena hii baridi ya Juni na Julai mawingu yanashinda hapo juu, na wengine mmejenga kibanda cha mabati pande zote ndani ni giza kama stoo. Toa bati moja uweke waya, lakini waya wa matundu madogo juu ya panya na nguchiro. Mwenye ako na stima awashe balbu ndogo saa kumi na moja asubuhi, na jioni aizime saa mbili, inatosha kabisa.

Viota viwe kwa kona yenye giza kidogo, kreti yenye nyasi kavu inatosha kuku wanne, na uweke ndani yai la mbao ama mpira wa gofu ajue ni hapo. Jogoo hamhitaji kama hamtaki vifaranga, na jirani atawashukuru.

Halafu chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa Niukaso. Rudieni kila miezi mitatu, mchange pamoja kwa sababu chupa moja inatosha kuku wengi na ikishachanganywa haiwezi kuwekwa mpaka kesho. Na msilete kuku wa sokoni mkamtupa katikati ya hawa, atengwe wiki mbili kwanza.

Mayai yakianza yatakuwa madogo, mengine bila kiini, mengine ganda laini kama ngozi, msiogope. Na msidai yai kila siku kwa kila kuku, linachukua kama masaa 25 kutengenezwa, ganda peke yake karibu masaa 20, ndio maana anasongeza saa kila siku mpaka anaruka siku moja.

Mwenye atapata la kwanza anibishie mlango, hata kama ni saa kumi na mbili asubuhi. Msilioshe, lina utando wake wa kulilinda. Nataka kulishika likiwa bado na joto.

Nyanya yenu,
Kayole