Kwa shoga yangu wa Nungwi

Wete, Pemba

Shoga yangu,

Assalamu alaykum. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ukianza kulia nami nalia, hatufiki pahala.

Huyo mwenzio wa mapokezi kukuiga unavyosema Kipemba mbele ya wageni ni adabu mbovu, na imeniuma. Lakini kujua kuna wageni wa kupelekwa uwanja wa ndege alfajiri, asiandike kwenye kitabu cha zamu, kisha meneja akiuliza aseme "nilimwambia", huko ni kukuharibia kazi. Anza na hili. Lile la kwanza wataliita utani tu.

Najua nyumbani wanakwambia ustahamili. Stahamala naipenda, nimelelewa nayo, ila mtu akikudhulumu ukanyamaza, huzidi. Mwite pembeni zamu ikiisha, mkiwa wawili. Ukimfedhehesha mbele ya watu, kesho wote watamwonea huruma yeye. Mwambie: "Safari ya Jumapili hukuiandika. Kuanzia leo tukabidhiane kwa kitabu, tutie saini sote wawili." Usimwambie ana roho mbaya. Roho yake huwezi kumwonesha meneja, kitabu utakifungua. Na wale wanaomsengenya jikoni usikae nao, maneno yao yatafika kwake kwa jina lako.

Akirudia, mpelekee meneja kitabu, na tarehe umeziandika. Meneja akipuuza, mtafute mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hapo hotelini. Kaka yako wa Dar anakutajia CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wa migogoro ya kazi, lakini hiyo ni ya Bara. Kazi na ajira si mambo ya Muungano. Sisi tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na mashauri ya Unguja na Pemba yanapita Kamisheni ya Kazi yetu wenyewe. Sisemi ukimbilie huko. Nataka ujue tu kwamba njia ipo, usije ukaandika barua ya kuacha kazi kwa hasira. Kazi umeisomea, na wageni wanakuulizia wewe kwa jina.

Zungumza naye masika haya, wageni wakiwa wachache. Ikifika Julai hakuna atakayekuwa na nafasi ya kumsikiliza mwenziwe.

Zamu yenu ya pamoja ni lini? Niambie, siku hiyo simu sitaiweka mbali.

Shogayo akupendaye