Vilima na marundo ya mawe ya Engaruka nayo yana majina

Mhariri,

Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilizipa barabara zetu majina na nyumba namba. Vilima, makorongo na marundo ya mawe ya kale havikuguswa, kwa kuwa hakuna anayeishi juu yake. Katika kata ya Engaruka, wilayani Monduli, huko ndiko majina yalikojaa, na wanaoyajua vizuri ni wazee. Naziomba serikali za vijiji ziyaandike sasa. Hakuna haja ya kungoja mtaalamu: daftari, dira, futikamba ya mita 30 na simu yenye GPS vinatosha.

Jina liulizwe mlima ukiwa unaonekana, si ofisini. Kosa kubwa ni kumtangulia mzee: "Mzee, ule si ndio Kerimasi?" Kwa ustaarabu tu ataitikia, na kosa la ramani litakuwa limepata shahidi. Aulizwe, "Mzee, pale mnapaitaje?" kisha anayeuliza anyamaze. Halafu jina linaanzia wapi, linaishia wapi? Mara nyingi ni la mteremko wa malisho au la chemchemi, na kilele kina jina lake au hakina kabisa. Akina mama wanaochota maji na kukata kuni waulizwe pia, tena wakiwa peke yao. Yakitokea majina mawili, yaandikwe yote pamoja na wanaoyatumia. Sauti irekodiwe, maana tahajia hazitabiriki: kasoko moja ya jirani huandikwa Empakaai, Empakai na hata Embagai.

Kwenye namba za GPS, zinazoonyesha mahali, ndiko kazi nyingi zinakoharibikia. Simu huhesabu mahali kwa mfumo uitwao WGS 84, ramani za zamani za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo mwingine, Arc 1960. Ukihamisha namba bila kuzigeuza, alama itasogea karibu mita 300 kaskazini au kusini, na kilima kidogo kitaangukia korongo la pili. Tena longitudo ya nyuzi 36 mashariki inapita hapo hapo karibu: magharibi yake ni kanda ya 36 ya UTM (mfumo wa kutaja mahali kwa mita, kanda kwa kanda), mashariki ni ya 37, na namba za kanda moja hazifai kwa nyingine. Afadhali kuandika nyuzi kwa desimali, tarakimu tano baada ya nukta, ambayo ni kama mita moja. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa simu isubiriwe dakika mbili tatu mpaka namba zitulie.

Sasa marundo. Si kila rundo ni kaburi, na hili nalisisitiza. Engaruka palikuwa na mashamba ya umwagiliaji, yenye mifereji iliyojengwa kwa mawe, kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi, na marundo mengi ni mawe yaliyoondolewa ili watu wapate kulima. Mengine ni makaburi kweli, na kwa desturi ya Wamaasai mpita njia huongeza jiwe juu ya kaburi la mtu mashuhuri. Kwa hiyo daftarini lisiandikwe "kaburi" kwa kukisia. Kiandikwe kipenyo cha kaskazini-kusini na cha mashariki-magharibi. Kimo cha upande wa juu na wa chini wa mteremko, kwa sababu havilingani. Kama pembeni kuna mawe makubwa yaliyopangwa duara. Na kama katikati kuna shimo. Shimo mara nyingi ni la wasaka "mali ya Mjerumani", yaani hazina inayodhaniwa kufukiwa na Wajerumani, liandikwe na tarehe lilipoonekana. Jiwe lisiinuliwe wala lisipakwe rangi. Namba ya rundo iandikwe kwenye kibao kidogo, kiwekwe mbele yake wakati wa kupiga picha, kisha kiondolewe.

Majina yabandikwe ofisi ya kijiji, wananchi wayasahihishe. Namba za GPS za makaburi zisibandikwe kamwe. Zikae kwa mtendaji, na nakala iende kwa mamlaka ya mambo ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, lakini rundo lisiloandikwa popote huishia kwenye msingi wa nyumba na hakuna wa kuuliza.

Kazi ifanyike kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka na marundo madogo yanaonekana. Orodha ikikamilika ipelekwe mkutano mkuu wa kijiji na iingie kwenye muhtasari, ili wapima ardhi wakija wakute majina yameshapitishwa.

Mpenda mambo ya kale,
Monduli