Uchovu wa mionzi si uzembe

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa msichana wa shule na sijawahi kukuandikia. Lakini ile taarifa ya wiki jana, eti wagonjwa wa saratani hukosa miadi ya mionzi kwa "uzembe", imenikwama kooni.

Mimi ni fundi cherehani, Donholm. Mwaka jana nilitibiwa saratani ya titi: mionzi mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano. Kwenye mashine ni dakika chache, wala hakuumi. Wiki ya kwanza nilijiona shujaa, nikitoka huko nakuja kushona sare za shule. Wiki ya tatu hata uzi kwenye sindano ulinishinda. Uchovu huu hujilimbikiza siku baada ya siku, na usingizi hauuondoi: unalala mapema, unaamka kama uliyebeba magunia Gikomba usiku kucha. Siku ya 18 nilifika hospitali saa kumi na mbili asubuhi, nikakalia benchi lisilo na egemeo hadi saa tisa, ndipo tukaambiwa mashine imeharibika, turudi kesho. Njiani nikasinzia ndani ya matatu, steji yangu ikapita, nikaamshwa Kayole. Kondakta akacheka, "Mathee, umelewa mapema hivi?" Nililia mbele ya abiria, mimi mwenye wajukuu. Kesho yake sikwenda. Basi andikeni: huo ndio uzembe.

Kilichonisaidia kidogo ni kutembea polepole kila jioni, jambo ambalo muuguzi mmoja aliniambia kwenye korido kwa sauti ya chini, kana kwamba ni siri. Yeye ndiye pia aliyesisitiza nipimwe damu. Ikapatikana iko chini.

Halafu lifti! Ofisi ya kugongewa muhuri wa bima iko ghorofa ya nne, na lifti yake ina karatasi ya "inatengenezwa" iliyokwisha kugeuka rangi ya chai. Nani aliamua wagonjwa ndio wapande na makarani wazima wawasubiri juu?

Nina pendekezo. Mwandishi wenu apandishe jerikeni ya lita 20 hadi ghorofa hiyo kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano. Jumamosi na Jumapili apumzike, kama sisi. Akikosa siku moja, nitamwandikia taarifa mimi mwenyewe. Jerikeni ninayo.

Fundi wa Donholm,
Nairobi