Lofoi: kwa nini tunakuomba uende Mei, si Agosti

Kila mwaka shule zikikaribia kufunga, simu ya ofisi yetu hapa Lubumbashi hainyamazi. Familia zinataka kwenda kuona maporomoko ya Lofoi mwezi wa Julai au Agosti, watoto wakiwa nyumbani. Tunawapeleka, lakini kabla ya kupokea pesa ya mtu tunamweleza kwamba maji ya Lofoi yana majira yake, na zile picha zinazozunguka kwenye simu si za Agosti.

Mto Lofoi unatoka juu ya uwanda wa Kundelungu, ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa 1970, kisha unafika ukingoni na kuanguka zaidi ya mita 300. Waliokwisha kuvuka kwenda Zambia kutazama Mosi-oa-Tunya (maporomoko ya Victoria) wajue kule ni mita 108 tu. Tofauti ni kwamba Mosi-oa-Tunya inalishwa na Zambezi, na Lofoi ni mto mdogo. Unaishi kwa maji ambayo mabonde na nyasi za uwandani zimeyanywa wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili. Mvua ikikatika, uwanda unayaachia polepole. Mei maji bado ni mengi, unayasikia kabla hujayaona. Kufika Septemba umebaki uzi mweupe unaoyumbishwa na upepo, na maji mengi yanageuka ukungu kabla ya kugusa chini. Ongeza moshi wa mioto ya porini, ambao siku nyingine unaficha hata milima.

"Basi twende Februari, mto ukiwa umejaa." Hapana, Februari hatuendi, hata mteja akilipa mara mbili. Barabara ya udongo inakuwa tope, vijito vinafurika, na gari likikwama huko porini hakuna wa kulivuta. Tumebaki na Mei na Juni. Kwa anayefungwa na likizo ya shule, tunapendekeza wiki ya kwanza ya Julai, mapema kadiri inavyowezekana.

Njoo na blanketi zito. Usiku wa Juni uwandani ni baridi kali, na kila safari kuna mtu anayeleta shuka moja akidhani Kongo yote ni joto.

Kuhusu wanyama tunasema wazi: usiende Kundelungu ukitafuta tembo. Uwindaji haramu uliwamaliza wanyama wengi wakubwa, na hilo linatuuma sisi tuliozaliwa hapa. Mwenye hamu ya punda milia wa mwituni, waliobaki Kongo wako Upemba, hifadhi ya tangu 1939, na hiyo ni safari nyingine yenye matayarisho yake. Kundelungu utapata msitu wa miombo, ndege, na anga pana ambalo mtoto wa mjini hajawahi kuliona.

Bei tunayokupa ina gari, dereva, mahema na chakula, bukari (ugali) ikiwemo. Kiingilio cha hifadhi tunakiandika peke yake, kwa sababu ni pesa ya ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi, na risiti yake unapewa mkononi mwako. Wenye watoto wadogo watuambie mapema: ukingo wa maporomoko hauna kizuizi, kwa hiyo tunaongeza msindikizaji wa kukaa nao mbali na ukingo huo.

Magari ya Mei yanawahiwa. Tuandikie kabla Machi haijaisha, ukitaja mwezi unaoutaka na idadi ya watu.